Kengele Katikati ya Wimbo

Kengele ya tanuri ililia mzee akiwa katikati ya ubeti wa tatu, naye hakugeuka hata kuitazama. Aliendelea kuimba.

Upande wa pili wa pazia la plastiki, katika chumba cha kufungashia mikate, binti yake alisimama na mfuko wa nailoni mkononi, mdomo wazi kuliko mfuko wenyewe. Kiwandani walimwita Spika, kwa sababu akiongea kwenye meza ya mwisho, mlinzi wa getini anacheka. Asubuhi hiyo Spika alikuwa amekatika waya. Kengele aliisikia. Baba yake alimsikia. Alijua vizuri kwamba tanuri la umeme halina subira ya tanuri la kuni, na kwamba kila mstari wa wimbo ulikuwa unausogeza mkate kutoka kahawia kwenda kwenye rangi ambayo hakuna mteja anayeinunua. Na bado hakusema kitu.

"Si umwite?" Mama Pacha, aliyekuwa akifunga mifuko kando yake, alimsukuma kwa kiwiko. "Kengele imelia, mzee yuko kwenye tamasha."

"Anamalizia."

"Anamalizia nini?"

"Wimbo."

Mama Pacha alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba basi linaendeshwa na kuku. "Wimbo unamaliziwa mikate ikiwa ndani?"

"Kwetu haukatizwi," Spika alisema, na hata yeye alisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa la ajabu mbele ya mashine zenye taa za kijani.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Wimbo ule aliutunga babu yake mbele ya tanuri la kuni: beti nne za taratibu, zikisema kwamba jua lina kuchwa na mvua ina kukatika, ila wema wa Mungu hauna siku ya kupumzika. Mikate ikiingia, wimbo unaanza. Wimbo ukiisha, mlango unafunguliwa na mikate iko tayari. Saa ya ukutani haikuwahi kuwepo. Wateja nao walizoea. Wakikuta ubeti wa pili walienda kumaliza shughuli zao kwingine, wakikuta wa nne walipanga foleni. Mtoto aliyeropoka katikati alipigwa kwa kitambaa cha unga, akabaki anapiga chafya nyeupe, na Spika alikula vitambaa hivyo kuliko mtoto yeyote wa mtaa. Kisha mtaa ukaota maghorofa. Watu wa ghorofani waliupenda mkate wa moto ila moshi wake hawakuutaka, halmashauri ikapiga marufuku matanuri ya kuni, na nyumba nzima ikabaki inategemea kazi ya Spika. Ndiye aliyemfuata msimamizi kila alikopita, akimwombea baba yake nafasi ya majaribio. "Mkate anaujua kuliko anavyonijua mimi," alisema siku hiyo, kwa kifua mbele.

Harufu ilifika kwanza. Kisha moshi ukapenya kwenye pazia, mwembamba, kama mtu anayechungulia kabla ya kuingia. Mzee alimaliza neno la mwisho la ubeti wa nne, akavuta pumzi, akafungua mlango.

Msimamizi alifika akitembea haraka bila kukimbia, kwa namna ya watu wasiotaka kuonekana wameshtuka. Alikuwa kijana. Wafanyakazi walimwita Bwana Kipimo, kwa kuwa kipimajoto hakikutoka kwenye mfuko wake wa kifuani, na ilisemekana hata chai aliipima kabla ya kuipuliza. Aliuchukua mkate mmoja mweusi, akaugonga kwenye ukingo wa meza. Ulilia kama kipande cha ubao.

"Mzee, masikio yako yako sawa?"

"Yako sawa."

"Kengele uliisikia?"

"Niliisikia."

"Sasa?"

Mzee alijifuta mikono kwenye koti jeupe alilopewa, koti lililoishia juu kidogo ya viganja vyake, likamfanya aonekane kama mtoto aliyekua likizo. "Nilikuwa sijamaliza," alisema.

Mtu mmoja kwenye mashine ya kukandia alicheka kwa pua. Wa pili akamsaidia. Bwana Kipimo hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aligeukia pazia. "Spika. Huyu ndiye uliyeniambia anajua kazi?"

"Ni baba yangu, bosi."

"Ukoo sijauuliza."

Spika alitafuta neno. Siku zote maneno ndiyo yaliyomtafuta yeye.

"Kesho asubuhi," Bwana Kipimo alisema, "mzee ataoka tena, kwa sababu mtu wa tanuri hili kaacha kazi na sina mwingine. Ikiungua, hamrudi wote wawili. Yeye kwa kuunguza, wewe kwa kunidanganya." Akaurudisha ule mkate kwenye trei, kwa upole wa kuudhi. "Sasa hii uitoe mwenyewe, mzee. Pipa la mifugo liko nje, upande wa magari."

Upande wa magari ulikuwa mbali, na njia yake ilipita mbele ya watu wote. Mzee alibeba trei moja moja. Kila alipopita, mashine hazikupunguza kelele, lakini watu walipunguza. Spika alitaka kwenda kumsaidia, akakumbuka mstari wa njano uliochorwa sakafuni chini ya pazia. Mtu wa kufungashia hakuruhusiwa kuukanyaga kuingia upande wa matanuri, kwa ajili ya usafi, na dada mmoja aliyeukanyaga kwenda kuazima kitambaa tu alivuliwa aproni siku hiyo hiyo. Basi Spika alibaki upande wake, akifunga mikate ya watu wengine.

*

Nyumbani mama alikuwa amekwisha kuandaa chakula. Waliishi chumba na sebule, nyuma ya lile tanuri la kuni lililozimwa, na kwa kuwa nyumba haivumilii nafasi tupu, ndani ya tanuri sasa kulihifadhiwa ndoo, mwavuli na feni iliyogoma.

Mama hakuuliza. Aliwaona walivyovua viatu, akajua. Alipakua, akawanawisha, akakaa, akafumba macho akisubiri. Kwa kawaida mume wake alikuwa anaomba mpaka chakula kinapoa, na Spika alizoea kusema "Amina" kabla ya wakati ili kumharakisha. Mchana huo kijiko kililia kwenye sahani. Mama alifumbua jicho moja. Mzee alikuwa anakula.

"Baba Spika," mama aliita taratibu. Jina la utani la binti lilikuwa limewafuata mpaka ndani. "Hujaomba."

"Ombeni nyinyi."

Mama na binti walitazamana. Hakuna aliyekuwa amewahi kuomba mbele yake. Ilikuwa kama kuambiwa mshike usukani gari likiwa kwenye mteremko.

"Baba, ni mikate tu," Spika alijaribu. "Hata mimi nimewahi kufunga mikate na kifuniko cha kalamu ndani. Mteja alirudi akiuliza kama ni zawadi."

Mzee hakutabasamu. "Niliimba bila kuruka neno."

"Tulisikia. Mpaka mlinzi alisikia."

"Niliimba vile vile. Kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule, kwa moyo ule ule. Miaka yote nikifanya hivyo ananipa mkate. Leo ananipa makaa."

"Tanuri ndilo limebadilika, Baba, siyo Mungu."

"Hilo silijui?" Alisukuma sahani. "Unafikiri moto siujui? Kengele niliisikia. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye kishikio. Nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

Mzee alitazama mikono yake. Ilikuwa imejaa alama za moto wa zamani, kila moja na historia yake, na sasa hapakuwa na mtu wa kumsimulia. "Tanuri wameliondoa. Wateja wamekwenda dukani kununua mkate uliokatwakatwa kama karata. Majirani waliokuwa wananiita kwa sauti sasa wanapita bila kugeuka. Sikusema kitu. Nilisema moyoni, kila kitu na kiende, Yeye hageuki. Ndipo ikalia ile kengele. Nikajiambia, leo nikimkatiza Mungu kwa sababu ya kengele, kesho nitamkatiza kwa sababu ya nini?"

Spika alikuwa na mzaha tayari ulimini, ukayeyuka.

"Sasa kesho?" mama aliuliza.

"Kesho sitaimba."

"Imba ubeti mmoja tu," Spika alisema. "Au beti mbili, halafu..."

"Mungu unampunguzia beti kama mtu anayepunguza suruali?" mama alimkatiza.

"Mama, mimi natafuta njia!"

"Nimesema sitaimba," mzee alisema, na akainuka. "Nitasikiliza kengele kama wenzangu. Inaonekana ndiyo inayotoa mkate siku hizi." Akatoka nje, akakaa kwenye kiti cha wateja, akitazama barabara ambako hapakuwa tena na mtu wa kupanga foleni.

Mama alikusanya vyombo kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika. Binti yake alimfuata kwenye karo, akashika kitambaa cha kufutia.

"Miaka ishirini na kitu," mama alisema kwa sauti ya chini, "sijawahi kumwona akisimama mbele ya moto kimya. Hata siku tuliyomzika ndugu yako alioka, na aliimba. Alikuwa analia, lakini aliimba. Naogopa, mwanangu."

"Unaogopa tutakosa kazi?"

"Kukosa kazi kutatutesa, nalijua hilo. Lakini kile kimya ndicho kinachoniogopesha. Mtu akikosa mkate anakwenda kutafuta. Akikosa wa kumshukuru, anakwenda wapi?"

Spika alifuta sahani ambayo ilikuwa imekauka zamani. "Mama, mimi pia niliisikia."

"Nini?"

"Kengele. Nilisimama pale pale. Ningepaza sauti angesikia, mikate ingetoka. Mdomo haukufunguka."

Mama aliacha maji yakitiririka. "Wewe? Mdomo wako?"

"Huohuo. Nilihisi mtu ananijia na kitambaa cha unga."

Mama alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kukasirika, napo akashindwa. Alifunga bomba. "Tuliwafundisha kunyamaza Mungu akisifiwa," alisema. "Hatukuwafundisha kwamba Mungu hukasirika mtu akiitwa aokoe kitu."

*

Asubuhi mzee alifika kiwandani mapema, akalivaa lile koti fupi, akaanza kazi bila neno. Alipanga madonge kwenye trei. Mikono hiyo, ambayo nyumbani ilikuwa inapanga mikate bila kutazamwa, leo ilisita. Donge moja lilikaa upande, lingine liligusa jirani yake, akarudi kuyatenganisha, akaharibu la tatu. Bwana Kipimo alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Hakusaidia wala kukemea. Aliangalia tu, na kuangalia kwake kulikuwa na uzito kama wa mtu aliyekukalia begani.

Upande wa kufungashia, hata Mama Pacha alipunguza maneno. "Leo haimbi?"

"Haimbi."

"Aa." Akafunga mifuko miwili kimya. "Na mimi jana nilimcheka, halafu njia nzima nilikuwa nauimba wimbo wake. Watoto wakaniuliza nimeokoka lini."

"Mama Pacha, leo usinichekeshe. Nikicheka nitalia."

Trei ziliingia. Mlango ulifungwa kwa sauti nzito ya mpira. Taa ya kijani ikawaka, ikawa ya njano. Mzee alisimama mbele ya kioo cha tanuri, mikono ikining'inia, na Spika kupitia pazia aliona mgongo wake tu. Ulikuwa mgongo wa mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Hakuujua mgongo ule. Wa baba yake siku zote ulikuwa unayumba kidogo, kushoto na kulia, kwa mwendo wa beti.

Alimwomba Mungu kitu kimoja ambacho hakukipanga: asimwache asimame vile.

Mwanzoni alidhani ni mashine. Sauti ilitoka chini sana, bila maneno, kama mtu anayeongea na kidevu chake. Kisha bega la kushoto likasogea. Kisha neno likapatikana, na la pili, na ubeti wa kwanza ukainuka wote, wenye kukwaruza, bila ruhusa ya mwenyewe. Mzee aliweka mkono mdomoni, kana kwamba anataka kuurudisha ndani. Haukurudi. Mikono yake iliacha kusita. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta meza, akapanga trei za awamu ya pili zikanyooka kama mistari ya daftari.

"Ameanza," Mama Pacha alinong'ona.

"Naona."

"Hii ni nzuri au mbaya?"

"Kwa roho yake ni nzuri," Spika alisema. "Kwa mkate sijui."

Ubeti wa pili. Watu wa mashine ya kukandia waligeuka. Safari hii hakuna aliyecheka, labda kwa sababu walijua mwisho wake na waliona haya mapema. Bwana Kipimo alitazama saa ya ukutani, akatazama mgongo wa mzee, akabaki vile vile. Angeweza kusema neno moja. Alikuwa anampima.

Ubeti wa tatu ulianza. Kengele ikalia.

Mkono wa mzee ulikwenda kwenye kishikio. Spika aliuona ukifika, vidole vikikizunguka. Halafu vikakaa. Wimbo uliendelea, ila sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshikwa pande mbili, kila upande ukivuta. Mstari mmoja ukapita. Kwenye kioo, kahawia ilianza kukolea.

"Baba!" Spika aliita. "Baba, toa!"

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, sauti yake haikufika. Feni za kupozea mikate zilikuwa ndiyo kwanza zimewashwa, zikaila yote. Aliita tena. Mlinzi wa getini labda alisikia. Baba yake hapana.

Alitazama chini. Mstari wa njano ulikuwa mbele ya vidole vya viatu vyake, umepakwa upya juzi, unang'aa kwa kiburi. Alimfikiria yule dada wa kitambaa. Aliifikiria nyumba, na mama anayenunua kila kitu kidogo kidogo kwa mshahara huu mmoja. Na kama hatakwenda, mikate itaungua na wote wawili watatoka. Kama atakwenda, atatoka yeye. Hesabu ilikuwa rahisi. Miguu ndiyo haikuipenda.

"Usithubutu," Mama Pacha alisema, akimshika aproni.

"Shika huu mfuko," Spika akajibu, akapita kwenye pazia.

Alivuka sakafu yote ya matanuri akiwa ameinua kichwa, kwa sababu kama ni kufukuzwa afadhali afukuzwe akiwa amenyooka. Alimfikia baba yake, akamgusa kiwiko. Mzee aligeuka akiimba bado, macho yamejaa maji. Na Spika, aliyechapwa vitambaa vyote vya utoto wake kwa kosa hili hili, akamkatiza katikati ya jina la Mungu.

"Baba, toa mikate. Mungu atakusubiri. Mkate hausubiri."

Mzee alibaki mdomo wazi. Feni zilinguruma. Kwa muda huo mfupi alikuwa na sura ya mtu anayesikiliza kama dari litaanguka, na dari halikuanguka. Akavuta kishikio.

Mvuke ulitoka, na harufu nyuma yake. Alizitoa trei zote, moja baada ya nyingine, haraka na bila kugonga popote, kwa mikono ile ambayo binti yake aliifahamu. Mikate ilikuwa ya kahawia. Kwenye kona mbili tatu ilikuwa imekolea kidogo, kama mtu aliyekaa juani zaidi ya wenzake, lakini ilikuwa mikate.

Bwana Kipimo alikuja. Alichomeka kipimajoto, akasoma, akakifuta. Akaumega mmoja, akanusa, na kabla hajakumbuka cheo chake alikuwa ameshatia kipande mdomoni. Alitafuna hadi mwisho.

"Huu ni mkate," alisema. "Mzee, uko kazini. Ila kengele ikilia unafungua. Ukitaka kuimba, imba, mradi mkono unafanya kazi."

Kisha macho yake yakashuka sakafuni. "Na hii miguu ni ya nani?"

"Yangu, bosi."

"Ya kufungashia."

"Ilitoka kufungashia. Sasa hivi sina uhakika nayo."

"Spika, unajua utaratibu. Nikikuacha wewe, kesho watavuka wote." Hakuonekana kufurahi, na hakuonekana kubadili nia. "Vua aproni."

Spika alivua. Nyuma yake alisikia kitu kingine kikifunguliwa. Baba yake alikuwa anahangaika na vifungo vya lile koti.

"Baba, unafanya nini?"

"Tunaondoka."

"Thubutu! Funga hivyo vifungo."

"Mwanangu, siwezi kusimama hapa kwenye nafasi yako." Kifungo cha juu kilikuwa kimemshinda, akakivuta mpaka uzi ukalia. "Huyu ni Mungu gani? Anampa baba huku anamnyang'anya mtoto?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza, hata wale waliojifanya wanafuta mashine. Spika alijua lingemfaa jibu la maana, la kumpoza baba yake na kumwaibisha msimamizi kwa pamoja. Alichokuwa nacho ni trei za awamu ya pili, zilizokwisha kuumuka, zikivimba ukingoni.

"Sijui, Baba," alisema. "Kweli sijui. Lakini yale madonge yatamwagika ukisimama hapa kumjadili." Akamfunga kile kifungo mwenyewe, kwa nguvu, kama mama anayempeleka mtoto shule. "Tia tanurini. Tutamuuliza jioni, wote watatu."

Akaondoka kabla ya mtu kumwona usoni. Mama Pacha alikuwa ameshika ule mfuko vile vile alivyoachiwa, hajui auweke wapi. Getini mlinzi alimpekua mkoba kama kawaida, akamwambia, "Leo umetoka mapema, Spika. Mbona sijakusikia?"

*

Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, akashika kiegemeo cha kiti, halafu akakaa.

"Kwa hiyo baba yako kapata."

"Kapata."

"Na wewe umekosa."

"Tazama upande mzuri, Mama. Jana nyumba hii ilikuwa na kazi moja, leo ina kazi moja. Huwezi kusema Mungu amebadilika, hata kwa hesabu."

Mama alicheka. Kicheko kilitoka ghafla, kikamshangaza mwenyewe, na kabla hakijaisha kilikuwa kilio, akajifunika uso kwa khanga aliyokuwa ameivaa. Spika alikaa karibu naye. Hakuongeza mzaha mwingine. Huo mmoja ulikuwa umemaliza akiba yote.

Mzee alirudi jua likiwa bado juu. Walimsikia akifika, wakasikia viatu vikivuliwa, halafu wasisikie kitu. Spika alikwenda kufungua. Baba yake alikuwa amesimama nje ya mlango na mkate kwapani, uliofungwa kwa karatasi, kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba.

"Mbona huingii?"

"Walinipigia makofi," mzee alisema, akitazama kizingiti. "Awamu ya mwisho, walinipigia makofi. Nikafurahi. Halafu nikakukumbuka, nikaona aibu kwa kufurahi."

"Ingia na furaha yako, Baba. Usiiache nje kama viatu vya matope."

Aliingia. Alikuwa amemsihi Bwana Kipimo, akajibiwa kwamba binti aombe upya nafasi zikitangazwa, kama mtu mwingine yeyote, bila ahadi. Alilieleza hilo mara mbili, akitafuta mahali penye ahadi, na mara zote mbili hapakuwepo.

Mama alipakua. Mkate uliwekwa katikati ya meza, na kwa muda hakuna aliyeugusa. Walikuwa na njaa, kila mmoja aliisikia ya mwenzake. Mzee alikunja mikono, akaikunjua.

"Nikishukuru," alisema, "nitakuwa nashukuru nikiwa nimesimama juu ya mgongo wa mtoto. Nisiposhukuru, nitakuwa mtu yule wa jana, na yule sikumpenda. Mama Spika, nianzie wapi?"

Mama alijipangusa macho kwa kiganja. Hakuwahi kuulizwa swali kama hilo na mume wake.

"Anzia kwenye wema wake," alisema. "Shida zetu anazijua."

Mzee alifumba macho. Midomo yake ilitikisika, lakini sauti ilichelewa, na katika ule ukimya mama alipeleka mkono chini ya meza, akaushika wa binti yake.

"Na usiharakishe, Baba," Spika alisema. "Kesho sina pa kuwahi."

Mzee alicheka, macho yakiwa bado yamefumbwa. Kisha akaanza.